Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Mbili Milimani kwa Gari na Hema

Safari ya kulala usiku mmoja milimani huonekana ndogo, na udogo huo ndio unaowaponza wengi. Mtu anayejiandaa kwa safari ya wiki tatu huandika orodha, hukagua gari na kuulizia njia mapema. Anayekwenda Jumamosi na kurudi Jumapili hutupa mablanketi kwenye buti usiku wa Ijumaa na kuondoka alfajiri. Ilhali mwamba unaopasua tairi hauhesabu siku za likizo, na usiku mmoja wa baridi unatosha kumdhuru mtu aliyelowa. Mwongozo huu ni kwa marafiki wenye magari ya fowili, yaani yanayovuta kwa magurudumu yote manne, ambao wamezoea barabara lakini hawajazoea njia za milimani. Nimeupanga kwa kufuata mwendo wa safari yenyewe, na katika kila hatua nitarudi kwenye kipimo kimoja ninachokiamini: kundi husafiri kwa uwezo wa gari lililo dhaifu kuliko yote, na kwa nguvu za mtu aliyechoka kuliko wote.

Hatua ya kwanza: kubalianeni kabla ya kuwasha gari

Magari mawili au matatu ndiyo idadi inayofaa. Gari moja peke yake likiharibika huwaacha watu wote bila njia ya kutoka, na magari matano hugeuza kila kijito kuwa foleni. Katika kila gari wawemo watu wawili wanaoweza kuliendesha, kwa sababu dereva anaweza kuugua, kuteguka mkono au kuchoka tu. Gari lisilo na gia nzito, yaani zile gia za ziada zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta, lisipelekwe kwenye njia ya mawe na mipando mikali hata kama magurudumu yake yote yanavuta. Mkiwa na gari la namna hiyo kundini, badilisheni njia. Msimpe dereva wake moyo wa kujaribu.

Kutaneni wiki moja kabla, na muulizane bila kuficha: nani ana pumu au maradhi ya moyo, nani ni mjamzito, nani anatumia dawa kila siku, nani huingiwa na hofu akiona korongo, nani hajawahi kulala hemani. Kisha mkubaliane mambo matatu. La kwanza ni kiongozi mmoja wa msafara. La pili ni saa ya kugeuza, yaani saa ambayo ikiwakuta kabla hamjafika kambini, mnarudi au mnalala mahali salama palipo karibu bila mjadala. La tatu, na hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote, ni kwamba kila mtu, hata abiria, ana haki ya kusema "tusimame" na msafara ukasimama bila yeye kudaiwa maelezo.

Nalisema hili kwa sababu ya usiku mmoja nisioweza kuusahau. Tulichelewa kuondoka kwa saa tatu, tukafika chini ya mpando mrefu jua likiwa linazama. Rafiki yetu aliyekuwa wa mwisho alikuwa amekwisha kunusa klachi ikiungua tangu mpando wa kwanza, lakini aliona haya kutuchelewesha zaidi, akanyamaza. Katikati ya mlima gari lake likaacha kuvuta kabisa. Tulilala humo ndani, tumeegama kwenye mteremko, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu, huku kila mmoja akisikiliza kama gari linasogea. Harufu ile ingetajwa mapema, tungelala bondeni tukiwa tumeshiba.

Hatua ya pili: isomeni njia na mlima

Kosa la kawaida ni kukadiria muda kwa mwendo wa barabara ya lami. Kwenye njia ya mawe, wastani wa kilomita 10 hadi 15 kwa saa ni mwendo mzuri, kwa hiyo kipande cha kilomita 40 huchukua saa tatu hadi nne kabla hamjahesabu chakula, picha na pancha. Pigeni hesabu kwa kurudi nyuma: mnataka kufika kambini saa mbili kamili kabla ya jua kuzama, sasa toeni saa za njia, toeni saa moja ya dharura, na hapo mtapata saa ya kuondoka.

Tazameni mistari ya mwinuko kwenye ramani. Inapokaribiana, mlima ni mkali. Njia inapoikata moja kwa moja, gari litapanda wima. Njia inapokwenda sambamba nayo, gari huenda likatembea likiwa limelala ubavu. Pakueni ramani kwenye simu zaidi ya moja, kwa sababu mtandao wa simu hupotea mabondeni, na bebeni pia ya karatasi. Ulizeni ardhi ni ya nani na kama kibali kinahitajika kuingia, kupiga kambi au kuwasha moto, kwani maeneo mengi ya milimani ni hifadhi au mali ya mtu. Utabiri wa hali ya hewa uangalieni kwa kimo cha kambi yenu, msiridhike na ule wa mji ulio chini ya mlima.

Kuhusu kimo, hesabu mbili zinatosha. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mnazopanda. Mkiondoka chini kukiwa na nyuzi 24, kambini juu ya hapo kwa mita 2,000 patakuwa na takriban nyuzi 11 wakati uleule, na usiku patashuka zaidi. Hesabu ya pili ni ya mwili: maradhi ya kimo huanza kuwapata watu wengi wanapopita mita 2,500, hasa waliotoka ukanda wa chini siku hiyohiyo. Kwa kuwa siku mbili hazitoshi mwili kuzoea, ushauri wangu ni kambi iwe chini ya kimo hicho. Mnaweza kupanda juu zaidi mchana kutazama mandhari, kisha mkashuka kulala.

Mwisho, andikeni karatasi moja yenye majina ya wote, namba za magari, njia mtakayopita, mahali pa kambi na saa ya kurudi, pamoja na saa ambayo ikipita bila habari zenu msaada uitwe. Mpeni mtu makini anayebaki nyumbani, na msibadili njia bila kumjulisha.

Hatua ya tatu: kagueni magari, mkianza na matairi

Tairi ndilo sehemu pekee ya gari inayogusa mlima, kwa hiyo anzieni hapo. Kashata, yaani meno ya uso wa tairi, ziwe bado na kina, na ubavu wa tairi usiwe na nyufa wala uvimbe, kwani mawe hupasua ubavu mara nyingi kuliko uso wake, na ubavu uliopasuka hauzibiki njiani. Tairi la akiba liwe la ukubwa uleule na lenye upepo. Kisha fanyeni zoezi ambalo wengi huliruka: badilisheni gurudumu moja nyumbani kwa jeki na spana zilizomo ndani ya gari, mkiwa mmesimama juu ya udongo, si juu ya saruji. Mtagundua kama jeki inazama bila kipande cha ubao chini yake, kama mkono wake unafika chini ya gari, na kama nati zilikazwa na mashine kiasi kwamba spana ya mkono haizilegezi.

Washeni fowili na gia nzito wiki moja kabla. Yapo magari ambayo kishikio hicho hakijaguswa kwa miaka, na mahali pa kugundua kwamba kimeganda si katikati ya mto. Angalieni oili ya injini, maji ya rejeta pamoja na mipira yake, maji ya breki, unene wa pedi, mikanda ya injini na nguzo za betri. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari linalohema chini kwenye tambarare litashindwa kabisa juu. Kagueni pia kama kila gari lina tundu imara la kuvutia, mbele na nyuma, lililofungwa kwenye chesisi, yaani fremu kuu ya gari.

Hatua ya nne: vifaa, na namna ya kuvipakia

Vifaa vya kutolea gari ni koleo, mkanda wa kuvutia unaonyumbulika, kamba au mnyororo wa kawaida, pingu za chuma zenye alama ya uzito zinaoweza kubeba, glavu nene, kompresa ya upepo, kipimo cha upepo, vifaa vya kuziba pancha na ubao wa kuwekea jeki. Mkanda uwe na uwezo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari. Vyote hivi vikae mahali panapofikiwa bila kushusha mzigo mwingine, kwa sababu gari likikwama limeinama, mlango wa nyuma huenda usifunguke vizuri, na hakuna anayependa kupekua masufuria akitafuta koleo kwenye mvua.

Mzigo mzito uwe chini na ukaribie katikati ya gari. Juu ya paa wekeni vitu vyepesi tu, kama mahema na magodoro. Kila kilo inayowekwa juu huliongezea gari tamaa ya kupinduka kwenye mteremko wa ubavu. Hakuna kitu kiachwe bila kufungwa ndani: mtungi wa gesi au sanduku la vyuma hugeuka kombora gari linaporuka shimo. Mafuta ya akiba yakae nje ya sehemu ya abiria, kwenye madumu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yakiachiwa nafasi kidogo ya kutanuka. Gia nzito hula mafuta. Mimi hukadiria matumizi mara mbili ya yale ya barabarani kwa sehemu yote ya njia mbovu.

Maji ni angalau lita 4 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupika pekee. Chakula cha usiku wa kwanza kipikwe nyumbani, kipashwe moto tu kambini, kwani baada ya siku ya mawe hakuna mwenye nguvu za kumenya.

Kulala ndiko watu wanakokosea kwa vitu vya bei kubwa. Mtu hununua mfuko mzuri wa kulalia, kisha akautandika juu ya turubai tupu. Usiku kucha anatetemeka na kuulaumu mfuko. Pamba au manyoya yaliyo chini yako hubanwa na uzito wa mwili, hayashiki tena hewa, na ardhi hunyonya joto lako. Godoro jembamba la sponji lenye matundu yaliyofungwa, lisilopitisha maji, lina faida kuliko blanketi la pili juu. Nguo za pamba zikilowa hukaa na ubaridi mwilini, kwa hiyo chagueni sufu au vitambaa vya michezo, na kila mtu atenge seti moja kavu ya kulalia ndani ya mfuko wa plastiki, isiyoguswa mchana hata kidogo.

Hatua ya tano: msafara barabarani

Anayeijua njia hutangulia, dereva mzoefu wa pili hufunga safu, na gari dhaifu hukaa katikati. Kila dereva awajibike kwa gari lililo nyuma yake: asipoliona kwenye kioo, apunguze mwendo, akifika njiapanda, asubiri mpaka lionekane na lione anakoelekea. Kanuni hii ikifuatwa, hakuna anayepotea hata redio zikizima. Kwenye vumbi achianeni nafasi ya kutosha kuona, na kwenye kizuizi chochote gari moja lipite na kumaliza kabla la pili halijaingia.

Hatua ya sita: kuendesha lami inapokwisha

Simameni lami inapokwisha na mpunguze upepo. Ni kazi ya dakika kumi ambayo wenye haraka huiruka na kuijutia. Tairi la barabarani lenye upepo wa 32 hadi 35 psi, kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi, hudunda juu ya mawe na kuteleza. Lishushwe hadi kati ya 22 na 25 kwa njia ya mawe, na kati ya 18 na 20 kwa tope au udongo laini. Ukichuchumaa karibu na gurudumu wakati hewa inatoka kwa mluzi, utaona ubavu unatuna kidogo na sehemu inayokanyaga ardhi ikirefuka kuelekea mbele na nyuma. Tairi sasa linaweza kulikumbatia jiwe badala ya kupigana nalo. Msishuke chini ya 15, kwani tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na baada ya kupunguza msizidishe kilomita 40 kwa saa. Ingizeni fowili sasa, kabla ya kuihitaji.

Kwenye mawe, hofu humfanya dereva mgeni apitishe jiwe katikati ya magurudumu. Difu, lile pipa la chuma linaloning'inia kwenye ekseli, ndilo litakalogonga. Panda juu ya jiwe kwa tairi. Mteueni mwelekezaji mmoja tu, asimame mbele mahali ambapo dereva anaiona mikono yake, asitembee kinyumenyume bila kutazama, na wengine wote wanyamaze. Mwelekezaji mwema hatazami gari zima. Hutazama tairi la mbele mpaka likalie jiwe, kisha husogea pembeni na kuinama kuona tairi la nyuma, kwa sababu la nyuma hukata kona ndani zaidi na hufika mahali ambapo la mbele halikufika. Nimeona gari likivushwa vizuri mwamba wa kimo cha goti, watu wakaanza kushangilia, na gurudumu la nyuma likadondoka shimoni. Dereva ashike usukani huku vidole gumba vikiwa nje ya duara lake, maana jiwe likipiga gurudumu usukani hugeuka ghafla na kuvunja kidole.

Mpando huchaguliwa gia kabla ya kuanza, kwa kawaida ya pili katika gia nzito, na dereva hapaswi kubadili gia katikati. Kwanza mtu apande kwa miguu akaone kilichoko juu. Gari likishindwa njiani, kanyaga breki kwa nguvu, usijaribu kugeuza, kwani gari lililokaa kukingama mlima hupinduka. Ingiza gia ya kurudi nyuma, achia breki polepole na ushuke wima kwa nguvu ya injini, ukitazama nyuma. Katika kushuka, tumia gia ya kwanza nzito na uiache injini ilizuie gari; usikanyage klachi, usiweke gia huru, na usiegemee breki, kwa sababu breki zilizopata moto hupoteza uwezo wa kushika. Nyuma ya gari ikianza kuteleza pembeni, gusa mafuta kidogo gari linyooke, hata kama mguu unatamani kwenda kwenye breki.

Mteremko wa ubavu ndio ninaouogopa kuliko mengine. Abiria washuke kwanza, na wasisimame upande wa chini. Dereva aende polepole mno, na gari likianza kuteleza, aelekeze usukani chini ya mteremko mara moja. Kama kuna njia nyingine, hata ndefu, ipiteni hiyo.

Mto usioweza kuuvuka kwa miguu, usiuvuke kwa gari. Mtu mmoja aingie na fimbo, akiwa amefunguliwa kila kitu kinachoweza kumnasa, apime kina na ugumu wa chini. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuyainua na kuyachukua magari mengi madogo, na ya sentimita 60 hubeba hata magari makubwa ya fowili. Kwa maji tulivu, kipimo changu ni katikati ya gurudumu. Subirini dakika kadhaa difu na injini zipoe, kwa kuwa chuma chenye moto kikizama kwenye maji baridi hunyonya maji kupitia sili zake, yaani mipira inayozuia uvujaji. Ingieni polepole, mwendo usibadilike, na wimbi dogo litangulie mbele ya bampa. Injini ikizimika majini, msiiwashe tena: maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi, na jaribio moja la kuiwasha hupinda vyuma vya ndani. Livuteni gari nje kwanza. Baada ya kuvuka, kanyageni breki mara kadhaa zikauke. Na kama mvua imenyesha juu ya mlima, kumbukeni kwamba kijito cha asubuhi kinaweza kuwa mto jioni mtakaporudi.

Hatua ya saba: gari likikwama

Magurudumu yakianza kuzunguka bure, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila mzunguko unachimba kaburi la gari. Kisha chukueni koleo. Asilimia kubwa ya kukwama huisha kwa kuondoa udongo mbele ya matairi na chini ya difu, kupunguza upepo zaidi kidogo, kuweka mawe bapa chini ya magurudumu, na kurudi nyuma kwa njia ileile mliyoingilia, maana huko mnajua gari lilipita.

Mkilazimika kuvuta, tambueni mnachoshika. Mkanda unaonyumbulika huhifadhi nguvu kama manati. Usifungwe kamwe kwenye kile kirungu cha kukokotea trela: hakikutengenezwa kwa mshtuko wa namna hiyo, kikikatika huruka kama risasi, na watu wamekufa kwa sababu yake. Fungeni kwenye tundu la chesisi tu. Tandikeni blanketi zito au koti katikati ya mkanda ili ukikatika uanguke chini. Watu wote wasimame pembeni, mbali kwa angalau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, na asiwepo wa kuuruka wala kuukanyaga ukiwa umekazika. Gari linalovuta lianze taratibu, si kwa kuruka.

Hatua ya nane: kambi

Chagueni ardhi bapa iliyoinuka kidogo juu ya sakafu ya bonde, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na usiku hutiririka na kutuama chini kama maji. Epukeni mkondo mkavu wa mto, miti yenye matawi yaliyokufa, chini ya majabali yanayomomoka, na pia mgongo wazi wa mlima kwenye upepo na radi. Yapangeni magari yawe kizuizi cha upepo, yakitazama njia ya kutokea, hendibreki zimekazwa na mawe yamewekwa kwenye magurudumu. Simamisheni mahema kabla ya kuwasha jiko, mlango ukiupa upepo mgongo.

Jiko la gesi, la mkaa au la aina yoyote lisiwake ndani ya hema wala ndani ya gari, hata kwa dakika chache za kuota moto, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mtu hupata usingizi mzito na haamki. Naomba sentensi hii isomwe kwa sauti mbele ya kundi zima.

Maji ya mto yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1, na mkiwa juu ya mita 2,000 yatokote kwa dakika 3, kwa sababu maji huchemka kwa joto pungufu kadiri mnavyopanda; kwenye mita 3,000 hutokota yakiwa na takriban nyuzi 90. Kwa sababu hiyohiyo vyakula vigumu huchelewa kuiva. Choo ni shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, njia na kambi. Moto, pale unaporuhusiwa, uwashwe mahali palipokwisha kutumiwa, na kabla ya kulala umwagiwe maji, ukorogwe na uguswe kwa nyuma ya kiganja. Kama bado una joto, haujazimika. Chakula na takataka vifungiwe ndani ya gari ili wanyama wasiingie mahemani.

Radi ikianza, hesabuni sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zikipungua 30, kila mtu aingie kwenye gari lenye paa la chuma, vioo vifungwe, na mkae humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hema halikingi radi.

Hatua ya tisa: mtu akiumwa

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi kwenye kimo ni maradhi ya kimo mpaka ithibitike vinginevyo. Mgonjwa asipande zaidi. Akianza kuchanganyikiwa, kupepesuka au kuhema akiwa amekaa, ashushwe mara moja, usiku au mchana, kwani kushuka ndiyo dawa. Kwa baridi, ogopeni zaidi mtu aliyeacha kutetemeka kuliko anayetetemeka. Ulimi ukiwa mzito na vidole vikishindwa kufunga kamba ya kiatu, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mfunikeni mpaka kichwani na mpeni kinywaji chenye moto na sukari kama anaweza kumeza, bila pombe.

Simu ziwekwe ndani ya mifuko ya kulalia, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu ya betri, na wakati hazitumiki zizimwe. Ishara ya dharura inayojulikana milimani ni miito sita ndani ya dakika moja, kwa filimbi au tochi, ikifuatiwa na dakika moja ya kimya, kisha kurudiwa; jibu lake ni miito mitatu kwa dakika.

Hatua ya kumi: kurudi

Jumapili ndiyo siku ya ajali, kwa sababu watu wamechoka na wanaijua njia. Zungukeni kila gari asubuhi: nati za magurudumu, uvujaji chini ya injini, mawe yaliyokwama kati ya matairi, mikanda ya mzigo. Badilishaneni usukani. Mkifika lami, rudisheni upepo kabla ya kushika kasi, maana tairi laini kwenye mwendo mkubwa hupata moto na kupasuka, na toeni tope lililoganda ndani ya rimu, kwa kuwa hilo peke yake hutetemesha usukani. Simu ikipata mtandao, wa kwanza kupigiwa awe yule mwenye karatasi.

Nyumbani, tandazeni mahema yakauke siku hiyohiyo, kwani ukungu huanza kuota ndani ya siku chache na kuharibu kitambaa. Osheni gari chini, pigeni vumbi filta ya hewa, na ikiwa mlivuka maji, fungueni kizibo cha difu mkaangalie oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na ibadilishwe kabla gari halijatumika tena.